Kurusha video laivu kwa kamera ya Raspberry Pi: maswali yanayojirudia kila siku

Nimechoka kujibu maswali haya kimoja kimoja kwenye magrupu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mengi nimeandika nikiwa na Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) kichwani maana ndo bodi watu wengi wanayo, ila ukiwa na bodi nyingine mantiki ni ileile, kinachobadilika ni komandi tu.

Nina bodi, nina kamera, nianzie wapi?

Anza kwa kuona picha kwenye bodi yenyewe. Usikimbilie YouTube, usikimbilie kufungua poti kwenye rauta, usisome hata sehemu ya chini ya ukurasa huu. Fungua teminali andika:

`rpicam-hello --list-cameras`

Ikitaja jina la sensa (imx219, imx708, ov5647, kitu kama hicho) basi kamera imeonekana na nusu ya kazi imeisha. Isipotaja kitu, hakuna programu yoyote duniani itakayorusha picha ambayo bodi haiioni. Halafu nenda hatua kwa hatua: picha kwenye bodi, kisha kwenye simu au laptop iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, kisha ndo utoke nje. Watu wanaruka hatua ya pili alafu wanakuja kuuliza kwanini YouTube haionyeshi kitu, na hapo kuna vitu saba vinaweza kuwa vibovu na hujui uanze na kipi.

Bodi ipi inatosha?

Kwa kamera moja ya 720p hata Pi Zero 2 W, ile ndogo, inatosha kabisa. Siri iko kwenye chipu: Pi zote mpaka Pi 4 zina enkoda ya H.264 (njia ya kawaida ya kubana video) ndani ya chipu, inabana video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde bila kuchosha prosesa. Sasa hapa ndo watu wanashangaa: Pi 5, ambayo ndo mpya na yenye nguvu, haina hiyo enkoda. Waliitoa. Kwa hiyo Pi 5 inabana video kwa prosesa yake ya kawaida, inaweza bila shida maana ina nguvu, ila itapata moto zaidi na itakula umeme zaidi. Kama kazi yako ni kurusha video tu na una Pi 4 kabatini, usinunue Pi 5 kwa ajili hiyo.

Zero ya mwanzo kabisa, ile ya kori moja, inarusha pia, ila usiiongezee kazi nyingine.

Kamera ya kebo bapa au ya USB?

Ya kebo bapa, kama huna sababu maalum. Inaongea na chipu moja kwa moja na picha inakuja ghafi kwenye enkoda. Ya USB faida yake ni kebo ndefu na mara nyingi ina maiki, ila nyingi zinatoa MJPEG, yani kila fremu ni picha kamili ya JPEG, kwa hiyo ukitaka H.264 bodi inabidi ifungue kila picha na kuibana upya. Angalia yako inatoa nini kwa `v4l2-ctl --list-formats-ext` kabla hujaanza kuilaumu.

Kwa zile rasmi: ya kwanza ya 2013 ina megapikseli 5, ya pili ya 2016 ina 8, ya tatu ya 2023 ina 12 na inajifokasi yenyewe. Kwa video ya laivu megapikseli hazina maana kubwa hivo, 1080p ni kama megapikseli 2 tu. Kinachotofautisha ni lenzi na jinsi inavyoona kwenye mwanga hafifu.

Inaniambia hakuna kamera. Kamera ni mbovu?

Karibu kila mara ni kebo. Zima bodi kwanza, chomoa umeme kabisa, kamera hizi sio za kuchomeka bodi ikiwa inawaka kama flashi ya USB.

Sasa angalia soketi. Ina kiplastiki chembamba juu yake, kinanyanyuka kidogo tu, kama milimita moja au mbili, hakitoki (kikitoka umekivuta sana, kirudishe taratibu). Ukikinyanyua ingiza kebo mpaka ikae mwisho, iwe imenyooka, usione upande mmoja umezama na mwingine umebaki juu, halafu bonyeza kiplastiki pande zote mbili kwa pamoja. Upande wenye vimstari vya shaba vinavyong'aa ndo unaogusana na pini. Kwenye Pi 3 na Pi 4 upande wa bluu unaangalia soketi ya kebo ya intaneti. Kwenye kamera yenyewe vile vimstari vinaangalia bodi ya kamera.

Mi mwenyewe niliwahi kukesha siku mbili, nikaformati memori kadi mara tatu, nikabadilisha toleo la mfumo, nikaanza kuamini nimeuziwa kamera feki. Kebo ilikuwa imegeuzwa upande wa kamera. Upande wa bodi niliukagua mara kumi, ule wa kamera hata mara moja sikuugusa maana ilikuja nao umeshachomekwa kutoka kwenye boksi.

Kitu kingine: Pi 5 na zile Zero zina soketi ndogo ya pini 22, wakati kamera nyingi ni za pini 15. Kebo ni tofauti, usilazimishe. Na kwenye kamera ya kwanza na ya pili, sensa yenyewe (kile kijisanduku cheusi cha mbele) imechomekwa kwenye bodi yake kwa kiunganishi kidogo cha kubonyeza, ambacho huwa kinaachia. Kibonyeze kwa kidole, taratibu. Nimeona kamera nyingi "zilizokufa" zikifufuka hivo.

Kama kamera ni ya kampuni nyingine, huenda bodi haiitambui yenyewe. Fungua `/boot/firmware/config.txt`, weka `camera_auto_detect=0` na chini yake `dtoverlay=imx219` au jina la sensa yako, kisha riboti.

Nafuata maelezo ya zamani, raspivid inasema komandi haipo

Ndio, haipo. Ilikuwa `raspivid`, baadae mfumo wa libcamera ukaja na komandi zikawa `libcamera-vid`, na toleo la Bookworm la 2023 likabadilisha tena jina zikawa `rpicam-vid`. Ukikuta maelezo yanakwambia uingie raspi-config uwashe kamera, ujue ni ya zamani, siku hizi inajitambua. Na ukiambiwa uwashe "legacy", achana nayo, unajirudisha kwenye njia ambayo haitengenezwi tena na kamera mpya hazifanyi kazi huko.

Nipe komandi moja tu nione picha kwenye laptop

Kwenye Pi:

`rpicam-vid -t 0 -n --width 1280 --height 720 --framerate 25 --inline --listen -o tcp://0.0.0.0:8888`

Kwenye laptop fungua VLC, sehemu ya kufungua strimu ya netiweki, weka `tcp/h264://IP-YA-PI:8888`. IP (anwani ya Pi kwenye netiweki) unaipata ukiandika `hostname -I` kwenye Pi.

Hiyo `-t 0` maana yake iendelee bila kikomo, ukiisahau itajizima baada ya sekunde chache na utadhani imekrash. `--inline` inarudia taarifa za kufungulia video kila fremu kamili inapokuja, bila hiyo aliyechelewa kuunganisha anaona giza au rangi za ajabu. Ila hii njia ni ya majaribio. Anaangalia mtu mmoja tu, na akifunga VLC komandi nayo inakufa.

Nataka watu kadhaa waangalie kwenye simu, kwenye brauza, bila kuinstoli kitu

Hapo weka MediaMTX. Ni programu ndogo, faili moja la kuendesha na faili moja la mipangilio, unadownload ya prosesa yako, unaifungua, basi. Inashika kamera yenyewe moja kwa moja na kuigawa kwa njia tofauti kwa wakati mmoja. Kwenye `mediamtx.yml` sehemu ya chini:

```
paths:
  kamera:
    source: rpiCamera
    rpiCameraWidth: 1280
    rpiCameraHeight: 720
    rpiCameraFPS: 25
    rpiCameraBitrate: 1500000
```

Chunga nafasi za mwanzo wa mstari, tumia spesi sio tab, faili hili likikuta tab linagoma. Iwashe, halafu kwenye brauza nenda `http://IP-YA-PI:8889/kamera`. Hiyo ni WebRTC. Ukitaka VLC au kinasa cha CCTV ni `rtsp://IP-YA-PI:8554/kamera`, na HLS iko poti 8888 (WebRTC, RTSP na HLS ni njia tatu tofauti za kusafirisha video ileile).

Swali linalofuata huwa "kwanini rtsp haifunguki kwenye Chrome", jibu ni kwamba brauza hazijui RTSP, hazijawahi, usihangaike kutafuta ekstensheni.

Kwanini video inachelewa? Napunga mkono naona baada ya sekunde kumi

Inategemea njia uliyochagua. HLS inakata video vipande vipande na brauza inasubiri vipande kadhaa vijae kabla ya kucheza, kwa hiyo sekunde kadhaa ni kawaida, hazitibiki kabisa. WebRTC ni chini ya sekunde moja mkiwa Wi-Fi moja. RTSP kwenye VLC inachelewa kidogo kwa sababu VLC yenyewe inajiwekea akiba, ni sekunde moja hivi kwa kawaida, unaweza kuipunguza kwenye mipangilio yake ya kukeshi netiweki, weka milisekunde 200 uone.

Jiulize kwanza kama kuchelewa kunakuumiza. Kama unaangalia kuku bandani sekunde nane sio tatizo, na HLS inavumilia intaneti mbovu kuliko WebRTC. Kama unaendesha kiroboti kwa kuangalia hiyo video, basi WebRTC au usijaribu.

Itakula bando kiasi gani?

Hesabu ni rahisi, piga mwenyewe. Ukirusha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni kilobaiti 250 kila sekunde, MB 900 kwa saa, GB 21.6 kwa siku. Mwezi mzima unapita GB 640. Ukishuka megabiti 1 unapata nusu yake. Hapa ndo watu wengi wanaamka, maana kichwani walikuwa wanafikiria "ni video ya kamera ndogo tu".

Na kumbuka ni kasi ya kupandisha unayotumia, sio ya kushusha. Kipimo cha kasi kikikwambia 30 ni ya kushusha, angalia namba ya pili, unaweza kukuta ni 3. Usitumie zaidi ya nusu ya hiyo ya pili, maana ikishuka kidogo tu strimu inakatika. Kama wanaoangalia wako nje na wanaunganisha kwenye Pi moja kwa moja, zidisha kwa idadi yao: watu watano mara megabiti 2 ni megabiti 10 zinatoka kwako.

MJPEG usiiguse kwa nje. Fremu moja tuseme ina KB 80, mara fremu 15, tayari ni karibu megabiti 10 kwa sekunde kwa mtazamaji mmoja. Ndani ya nyumba sawa.

Kwenye MediaMTX ukiweka `sourceOnDemand: yes` kamera inawaka pale tu mtu anapofungua, hiyo peke yake inaokoa sana.

Nataka kuangalia nikiwa mbali na nyumbani

Njia ninayopendekeza ni VPN, yani njia ya siri inayounganisha simu yako na Pi kupitia intaneti. WireGuard kama unajua unachofanya, Tailscale kama hutaki kuumiza kichwa: unaweka kwenye Pi, unaweka kwenye simu, Pi inapata anwani yake ya kudumu na unafungua ukurasa uleule kana kwamba uko sebuleni.

Kufungua poti kwenye rauta kunawezekana ila kuna mawili. La kwanza, mitandao mingi ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje, kwa hiyo utafungua poti mpaka uchoke, hakuna kitakachoingia. Linganisha IP ambayo rauta inaonyesha upande wa nje na ile unayoambiwa na tovuti za kuangalia IP, zikitofautiana ndo hali yako, nenda VPN. La pili, kuna roboti zinapita intaneti nzima usiku na mchana zinagonga poti, na kamera isiyo na paswedi zinaipata mapema sana. Ukifungua poti, weka paswedi kwenye MediaMTX na badilisha paswedi ya Pi yenyewe pia. Nimeshawahi kumwonyesha mtu sebule yake mwenyewe kwenye simu yangu bila yeye kunipa chochote zaidi ya IP. Hakucheka.

Na YouTube?

Hii ni nzuri kama watazamaji ni wengi, maana wewe unarusha strimu moja tu na wao wanaigawa. Ukiwasha laivu kwenye akaunti kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua mpaka saa 24 kuruhusiwa, kwa hiyo usisubiri siku ya sherehe yenyewe. Komandi:

`rpicam-vid -t 0 -n --width 1280 --height 720 --framerate 25 --bitrate 2000000 --intra 50 --inline -o - | ffmpeg -f lavfi -i anullsrc=r=44100:cl=stereo -f h264 -framerate 25 -i - -c:v copy -c:a aac -b:a 128k -f flv rtmp://a.rtmp.youtube.com/live2/UFUNGUO`

Kile kipande cha `anullsrc` kinatengeneza sauti ya kimya. Usikitoe, video isiyo na njia ya sauti kabisa inasumbua, unabaki unaangalia duara linazunguka. `--intra 50` inaleta fremu kamili kila sekunde mbili, ndo wanavyotaka. Kwenye Pi 5 ongeza `--libav-format h264` upande wa rpicam-vid. Na huo UFUNGUO (stream key unayopewa na YouTube) ni siri, ukipiga skrinshoti ya kuombea msaada ufute kwanza, kila wiki kuna mtu anauposti mzima.

Inafanya kazi dakika kumi halafu inakwama, au Pi inajiriboti

Umeme. Kabla hujaniambia chochote andika `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu `0x0` uko salama. Ikijibu `0x50000` umeme ulishawahi kupungua tangu uiwashe na bodi ikapunguza kasi, ikijibu `0x50005` unapungua sasa hivi unavyosoma. Bodi inalalamika volti ikishuka chini ya 4.63, na chaja ya simu iliyoandikwa 5V inaweza kufika hapo kirahisi kwa sababu ya kebo nyembamba tu. Pi 4 inataka ampia 3, Pi 5 ampia 5. Badilisha chaja NA kebo, sio kimoja.

Umeme ukiwa sawa, pima joto: `vcgencmd measure_temp`. Kuanzia nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi. Boksi lililofungwa juani linafika huko haraka, toboa matundu au weka feni.

La tatu ni Wi-Fi kusinzia. Jaribu `sudo iw wlan0 set power_save off`. Ukiweza kuvuta kebo ya netiweki, vuta, utanishukuru.

Picha ina ukungu / imepinduka / ina mistari inayopita

Ukungu kwenye kamera ya tatu: fokasi inahangaika kila kitu kinapopita. Ifunge kwa `--autofocus-mode manual --lens-position 0`, sifuri ni mbali kabisa, 2 ni nusu mita. Kwenye ya pili lenzi inazungushwa kwa mkono. Na toa ile nailoni ya juu ya lenzi, sitanii.

Imepinduka: `--rotation 180`.

Mistari ni taa za ndani zinapepesa na umeme. Umeme wa Hz 50 weka `--shutter 10000` au `20000`, wa Hz 60 weka `8333`. Ila ukishafunga shata hivo, nje juani picha itaungua kwa mwanga, kwa hiyo ni ya ndani tu.

Usiku: kamera ya kawaida ina filta inayozuia infraredi, kwa hiyo taa za infraredi haitaziona. Unahitaji ile ya NoIR (isiyo na hiyo filta), na mchana hiyo itakupa majani ya rangi ya zambarau. Chagua moja.

"Device or resource busy"

Kuna programu nyingine imeshika kamera, mara nyingi ni komandi yako ya jana uliyoisahau. Kamera inashikwa na mmoja tu kwa wakati. `pkill rpicam-vid` kisha jaribu tena, na kama MediaMTX inawaka, izime kwanza.

Sauti je?

Kamera ya kebo bapa haina maiki. Chomeka maiki ya USB, itafute kwa `arecord -l`. Kuipanga iende sambamba na picha ni stori ndefu, kama unarusha banda la kuku tu achana nayo.

Umeme ukikatika ukarudi, lazima niingie tena niwashe kwa mkono?

Hapana, tengeneza huduma ya systemd (sehemu ya Linux inayowasha programu zenyewe bodi ikiwaka). Kwanza hamishia programu ya MediaMTX kwenye `/usr/local/bin/` na `mediamtx.yml` kwenye `/usr/local/etc/`. Faili `/etc/systemd/system/mediamtx.service`:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
ExecStart=/usr/local/bin/mediamtx /usr/local/etc/mediamtx.yml
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kisha `sudo systemctl enable --now mediamtx`. Ile `Restart=always` ndo uhai wenyewe, ikifa inafufuka baada ya sekunde tano. Kwenye rauta nako mwekee Pi IP isiyobadilika, la sivyo umeme ukirudi anapewa IP mpya na wewe unakaa unapiga mlango wa zamani. Ukishamaliza jaribu kwa kweli: chomoa umeme, subiri, chomeka, usiguse kitu, fungua simu. Memori kadi nyingine hazipendi kuchomolewa hivo, kwa hiyo weka kopi ya faili lako la mipangilio mahali pengine kabla hujachomoa.